Jibu: Tailizi mbili za bafuni zinacheza, na mistari imekuwa myeusi

Salama mkuu. Nimekuelewa hivi: utando mweupe hautoki kwa sabuni, mistari kati ya tailizi imekuwa myeusi, na tailizi mbili karibu na tundu la maji zinacheza ukizikanyaga.

Anza na hizo mbili, usafi baadaye. Gonga sakafu kwa mpini wa bisibisi, tailizi moja moja. Inayolia kama debe tupu haijashika chini. Mimi nilidhani ni mbili, nikagonga nikakuta tano! Zing'oe taratibu, kwangua simenti ya zamani, acha pakauke kabisa. Nilipoharakisha hapo ziliachia tena baada ya miezi miwili. Bandika kwa gundi ya tailizi, subiri saa 24, ndipo ujaze mistari kwa grauti (simenti laini ya kujazia mistari).

Utando mweupe, kama unatumia maji ya kisima, mara nyingi ni chokaa. Siki nyeupe nusu, maji nusu, dakika 10, sugua kwa mswaki wa zamani, suuza sana maana siki hula grauti. Kama ni marumaru ya jiwe halisi, siki usiiguse, itaua mng'aro.

Weusi wa mistari mara nyingi ni ukungu. Tumia Jik na maji, siku nyingine, dirisha wazi. Usiichanganye kamwe na siki wala asidi ya chooni, inatoa gesi ya sumu.

Ukikuta chini panalowa hata bafu lisipotumika, huenda bomba linavuja. Hapo mwite fundi bomba kwanza.