Unaloweka ya kupika au ya kupanda?

Kijana mmoja wa Njombe ameniandikia juzi: "Mama shikamoo, nitajie ile dawa uliyolowekea maharage, nikanunue leo leo." Udongo wake hakuugusia, wala mbegu. Marahaba mwanangu, lakini ile si dawa. Ni salfeti ya zinki, chumvi yenye madini ya zinki ambayo mmea unayahitaji.

Hapa Mbozi maharage yangu ya mwezi wa tatu yalikuwa yanaota vizuri, yanafungua majani mawili ya mwanzo, kisha yanadumaa. Majani machanga yanageuka njano katikati ya mishipa, mishipa yenyewe inabaki kijani. Pale dukani kwa pembejeo nikauziwa boosta, mbolea ya maji ya kupulizia majani, chupa juu ya chupa, na hakuna aliyeniuliza shamba limelishwa nini. Hela ile inaniuma mpaka leo. Shamba lilikuwa limekula DAP, mbolea yenye fosforasi nyingi, miaka na miaka, na fosforasi ikizidi, mmea hupata shida kuchukua zinki. Mahindi ya pale pale yalishanionyesha: mikanda myeupe pande zote mbili za mshipa mkuu wa jani. Hapo nikaacha kubahatisha.

Siku naloweka mbegu yangu ya maharage, Uyole Njano, shemeji yangu akapita akacheka: "Shemeji, unaloweka ya kupika au ya kupanda?" Nikanyamaza. Nikapanda mistari ya mbegu kavu, ya maji matupu na ya zinki, kila mmoja na kijiti chake. Ya maji matupu ilichomoza mapema sawasawa na ya zinki, nisiwadanganye. Tofauti ilikuja baadaye, kwenye rangi na unene wa shina. Msimu huu shemeji amekuja mwenyewe na ndoo. Nikampimia, lakini nilimkumbusha maneno yake, tena mbele ya mkewe.

Kipimo changu: gramu 10 za salfeti ya zinki kwenye lita moja ya maji, hiyo ndiyo akiba. Kila lita ya kulowekea ina mililita 50 za akiba, nyingine maji safi. Inabaki nusu gramu kwa lita. Msizidishe! Chumvi ikiwa kali inaua kiini, na mtu wetu akiambiwa kijiko kimoja anaweka viwili. Maharage si mahindi ya kulala kwenye maji usiku kucha. Ganda linapasuka na mbegu inaoza. Saa chache tu, tena jaribu kiganja kimoja kwanza. Anika kivulini, panda siku hiyo hiyo kwenye udongo wenye unyevu. Mbegu iliyokwisha kupakwa dawa usiiloweke kabisa. Boroni pia iache, maharage hayaivumilii ikizidi kidogo.

Wenye udongo wa tindikali, shida yenu huenda ni upungufu wa madini ya molibdeni. Bila hiyo bakteria wa vinundu vya mizizini hawawezi kukamata naitrojeni, na shamba zima linapauka. Chokaa husaidia kuifungua. Pasua kinundu: kikiwa chekundu ndani, kinafanya kazi.

Jamani, tuache kulima kwa majina ya chupa! Mtu hajang'oa hata mche mmoja akauangalia, tayari yuko dukani. Wewe wa Njombe, kang'oe miche mitano ya njano, upasue shina karibu na udongo. Ukikuta funza, huyo ni inzi wa maharage, na zinki yangu haitakusaidia kitu.