Melodi inakuja usiku, asubuhi imeyeyuka

SWALI: Shikamoo kaka. Naimba bongo fleva, ndo naanza. Melodi kali zinanijia nikiwa kwenye daladala au nimelala kabisa, nikifika studio kichwa cheupe, prodyuza anapiga biti mi namwangalia tu na saa nimeshalipia. Washkaji wanasema nivute kidogo eti ndo mistari inashuka. Nifanyeje?
– Msomaji, Mbagala

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hiyo ya kuvuta achana nayo, usiku kila mstari utauona mkali, kesho ukiusikiliza unaona aibu mwenyewe. Na we hujakosa kitu, umesema melodi zinakuja, ila huzidaki.

Melodi inapotea haraka kuliko maneno, kwa hiyo ikija usianze kutafuta maneno mazuri, fungua rekoda ya simu uimbe hata na-na-na, au maneno yoyote ya kipuuzi. Paul McCartney wa Beatles melodi ya Yesterday ilimjia usingizini, akaamka akaifuata kwenye piano, na maneno ya kwanza aliyoweka yalikuwa ya mayai ya kuvuruga, basi tu melodi isimponyoke. Kwenye daladala ukiona noma weka simu sikioni kama unaongea na mtu, nani atajua. Halafu kila rekodi ipe jina, sio unaacha rekodi 48, rekodi 49, hutazifungua milele.

Mada nazo usizitafute mawinguni. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar aliyekwenda Bombay kurekodi santuri mwaka 1928, alikuwa anaimba yanayotokea Unguja kwenyewe, wimbo wake wa Kijiti ni kisa cha kweli cha mauaji ya mwanamke. We uko Mbagala, kuna msongamano wa watu na maneno mpaka basi!

Mfano juzi kwa muuza chipsi nimemsikia dada anaongea na simu: "Nimekuelewa, ila sijakusamehe." Nikaandika pale pale maana hiyo tayari ni korasi. Hesabu mizani, yaani silabi: "nimekuelewa" mizani 6, "ila sijakusamehe" mizani 8, upande mmoja umepungua. Ongeza "baba" inakuwa *Nimekuelewa baba, ila sijakusamehe*, 8 kwa 8, mizani ile ile ya mashairi yetu ya zamani, ndo maana inakaa mdomoni bila kulazimisha. Na hilo "baba" limeleta dharau flani hivi ambayo mwanzoni haikuwepo, mi ndo nimeipenda hapo.

Baada ya hapo ni kujiuliza maswali tu, kamkosea nini, kwa nini kampigia saa hizo, yeye mwenyewe anamtaka bado au? Vesi ya kwanza hiyo. Vesi ya pili mpe jamaa wa upande wa pili wa simu naye ajitetee, maana mpaka sasa tumemsikia dada tu.