Mdahalo wa likizo ya Juni, Tanga

Mwalimu mwenzangu, umeuliza iwapo wiki mbili za likizo ya Juni zinatosha kuwafundisha mdahalo vijana wa kidato cha pili hapa Tanga. Zinatosha, ila usianze na kanuni za mashindano ya dunia ya shule, ambako kila timu husimamisha wasemaji watatu kwa dakika 8 kila mmoja, kwa sababu mwanafunzi asiyezoea kusimama mbele ya wenzake huishiwa maneno katika dakika ya pili na kubaki akikunjakunja pindo la shati. Anza na dakika 3, kwa Kiswahili, na mada wanayoiishi, kwa mfano kwamba mashamba ya mkonge wagawiwe wakulima wadogo. Jambo ninalolisisitiza zaidi ni kuwapangia pande kwa kurusha sarafu asubuhi ileile, kwani binti aliyewatetea wakulima jana, leo akilazimika kuwatetea wenye mashamba, hujifunza kuisikiliza hoja ya mpinzani badala ya kungoja zamu yake tu. Majaji nao waeleze sababu za uamuzi wao mbele ya wote. Chakula cha mchana kisikosekane, maana wanaotoka Pongwe hawarudi nyumbani hadi jioni.