Shamba la shule lilikauka likizo, nianze vipi tena?

SWALI: Habari za huko. Mimi ni mwalimu wa gredi ya tano hapa Ahero. Mwaka jana tulipanda sukuma na watoto, wakafurahia sana, shule ikafungwa Agosti, kurudi tukapata vijiti tu vimesimama na udongo umepasuka hadi mguu wa mtoto unaingia. Halafu wazazi wengine wanasema ati tunawalimisha watoto wao badala ya kuwasomesha. Nataka kuanza tena, bila fatalaiza ya dukani na bila dawa. Nianzie wapi?

JIBU: Pole mwalimu, na usikate tamaa. Wacha nianze na wazazi manake hapo ndipo shamba nyingi za shule zinakufia. Huyo mzazi pengine yeye mwenyewe alilima kama adhabu, akichelewa anapewa jembe, na mboga zikiiva zinaenda kwa nyumba za walimu, sasa atapendaje? Tafadhali sana, hapo kwako anayechelewa asiguse jembe. Gawa vitalu, watoto watano kitalu kimoja, wakipe jina wenyewe, na siku ya kuvuna wapike na wale hapo shuleni, nyingine wabebe nyumbani. Mzazi akipokea fungu la dek, ile mboga ya saga au mgagani, kutoka kwa mkono wa mtoto wake maneno yanapungua. Na mwambie kilimo kiko kwa mtaala, hata zile klabu za 4K, Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, zilifufuliwa 2021.

Udongo wenu wa tambarare ya Kano hapo Ahero ni ule mweusi, mvua ikinyesha unashika maji, jua likiwaka unapasuka, kwa hivyo inueni vitalu mpaka kama nusu ya goti na mchanganye samadi iliyooza vizuri. Pale kando ya barabara kuna tithonia, yale maua ya manjano machungu, majani yake ni mbolea nzuri, watoto wayakate mtu mzima akiwa karibu, muyafukie yakiwa mabichi wiki moja au mbili kabla ya kupanda. Halafu funikeni na nyasi ya mpunga, Ahero hiyo haikosekani. Ingiza kidole chini ya hiyo nyasi saa nane mchana utapata baridi na unyevu, toa kidole weka palipo wazi, panachoma. Waache watoto wajaribu wenyewe, hilo somo hawatasahau.

Sukuma si mbaya lakini ni ya kubembeleza sana na maji. Mimi ningeanza na dek, osuga (managu) na kunde. Mbegu ya dek ni ndogo, changanyeni na mchanga mkavu ndio isimwagike mahali pamoja, na ikianza kutoa maua bana hicho kichwa na vidole, itaendelea kutoa majani. Acheni miti miwili mitatu ikomae, vunja maganda yakigeuka manjano kabla hayajapasuka, anikeni kwa gazeti kivulini, mbegu ya muhula ujao hamnunui.

Sasa likizo. Mwezi wa tano pandeni marando ya viazi vitamu, vile vya ndani rangi ya karoti, kwa nusu ya shamba. Yakishashika yanafunika udongo yenyewe na hayahitaji mtu kila siku. Vitalu vya dek wapeni watoto wanaokaa karibu na shule, wawili wawili kwa zamu, na wanachochuma Agosti ni chao, wasiulizwe.

Ukishapanda niandikie tena.