Maswali yenu: koncheto za piano zilizosahaulika

Juzi niliandika mistari michache kuhusu rekodi mpya za koncheto za piano za karne ya 19 ambazo kumbi nyingi zimeacha kuzipiga. Sikutegemea barua. Zimekuja, na leo najibu chache.

“Umeziita za Kiromantiki. Kumbe ni nyimbo za mapenzi?” (Msomaji, Morogoro)

Hapana, ingawa machozi yamo. Kiromantiki ni jina la zama: tangu miaka ya 1820 hivi hadi mwanzoni mwa karne ya 20, watunzi wa Ulaya walipouachia muziki utoe yaliyo moyoni bila haya. Koncheto ya piano ni piano moja mbele ya okestra nzima, mara nyingi kwa sehemu tatu. Ukishamsikia mwimbaji wa taarab akitangulia, kisha fidla zote zikamjibu, mchezo wenyewe unaujua. Tofauti ni kwamba hapa hakuna maneno, na piano haikubali kufunikwa.

“Nani anatoa fedha kurekodi muziki ambao hakuna anayeuulizia?” (Msomaji, Nairobi)

Wakaidi. Ted Perry alianzisha kampuni ya rekodi ya Hyperion, London, mwaka 1980, na mwaka 1991 ukatoka mfululizo wa koncheto za namna hii. CD ya kwanza ilikuwa na koncheto za watunzi Moszkowski na Paderewski, piano akipiga Piers Lane. Ndiyo, ni Paderewski yule yule aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Poland mwaka 1919. Sasa CD zimepita 80.

Si kwamba walikuwa wa kwanza. Wapiga piano Earl Wild, Raymond Lewenthal na Michael Ponti walikwisha kulima shamba hilo miaka ya 1960 na 1970. Lakini katika baadhi ya santuri za Ponti, kwa sikio langu, okestra inasikika kana kwamba nota imeziona asubuhi ile ile. Hyperion walikuja na okestra zilizofanya mazoezi. Mpiga piano Stephen Hough aliporekodi koncheto ya nne ya Scharwenka pamoja na ya kwanza ya Emil von Sauer, jarida la muziki la Gramophone liliichagua kuwa rekodi ya mwaka 1996. Siku hiyo wengi walilazimika kuuliza Scharwenka ni nani.

“Kama ni nzuri hivyo, mbona ziliachwa?” (Msomaji, Mombasa)

Hapa niruhusu nikae kidogo. Wengi wa watunzi hawa walikuwa wapiga piano wenyewe, na koncheto ilikuwa mtaji wa safari. Unafika mjini, wanamuziki wa pale wanagawiwa nota, unang'ara, unaondoka. Mwenyewe akifa, kazi inabaki haina wa kuibeba. Scharwenka aliipiga hiyo ya nne New York mwaka 1910, Gustav Mahler akiongoza okestra. Alifariki 1924, na baada yake watu wakaanza kuisahau.

Kisha ladha ikageuka. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, muziki wa mapambo mengi ulionekana kama kanzu ya harusi iliyovaliwa sokoni. Wenye kumbi nao wana hesabu zao: mtunzi maarufu kama Tchaikovsky anauza tiketi, asiyejulikana kama Litolff hauzi. Vijana wa mashindano wanapiga zile zile ambazo majaji wanazijua kwa moyo.

Na kuna jambo la karatasi, ambalo wasikilizaji hatulifikirii. Okestra haipigi kutoka kwenye kitabu kimoja. Kila mpigaji anahitaji nota za chombo chake. Zikipotea, koncheto imekufa hata kama mswada wa piano upo. Koncheto ya ujanani ya Moszkowski, Opus 3 (yaani kazi yake namba tatu), ilidhaniwa imepotea, mpaka mswada ukaonekana, ukachapwa, na mpiga piano Ludmil Angelov akairekodi. Ya kwanza ya Litolff haijaonekana mpaka leo.

Ila nisiwadanganye: nyingine ziliachwa kwa haki. Mtunzi Henri Herz ana kurasa ambamo vidole vinapanda, vidole vinashuka, na wimbo haufiki. Hizo nilisikiliza mara moja, kama mtu anavyoonja chakula cha shughulini asimvunje moyo mwenyeji.

“Bando langu ni dogo. Nianze na ipi?” (Msomaji, Tabora)

Skerzo, yaani sehemu ya mwendo wa haraka na wa mchezo, kutoka koncheto ya nne ya Litolff. Dakika saba tu. Peter Donohoe anaipiga kama mtu anayekimbia mvua. Zamani Hyperion hawakuweka muziki wao kwenye programu za kusikilizia mtandaoni; tangu 2023, baada ya kununuliwa na Universal, wameanza kuuweka.

“Ni wazee wa Kizungu watupu?” (Msomaji, Kampala)

Wengi, ndiyo. Lakini mtunzi Clara Schumann alikuwa na miaka 16 tu alipopiga koncheto yake mwaka 1835, Leipzig, mtunzi Mendelssohn akiongoza okestra. Siku hizi mpiga piano Isata Kanneh-Mason, ambaye mama yake ni wa Sierra Leone, ameirekodi vizuri mno.

Na usimkose mtunzi Florence Price, Mmarekani Mweusi kutoka Arkansas. Koncheto yake ilipigwa Chicago mwaka 1934, naye mwenyewe kwenye piano. Nota za okestra zikapotea. Mwaka 2011 mtunzi Trevor Weston akaiandikia upya sehemu ya okestra kwa kufuata nota za piano zilizobaki. Mpiga piano Michelle Cann ameirekodi na New York Youth Symphony, okestra ya vijana, na albamu hiyo ikapata Grammy mwaka 2023. Subiri sehemu ya mwisho. Ni juba, dansi ya watumwa waliopiga mapaja, vifua na viganja pale walipokatazwa kupiga ngoma. Nikiisikia, miguu yangu haiulizi hiyo ni zama gani.

“Binti yangu anajifunza piano kanisani. Nota zinapatikana?” (Msomaji, Moshi)

Nyingi zipo bure kwenye tovuti ya IMSLP, kwa watunzi waliofariki zamani. Aanze na Clara, sehemu ya pili: ya polepole, piano peke yake mpaka selo moja, ndugu mkubwa wa fidla, inapojiunga. Ya mtunzi Henselt ifiche kwanza. Mwenyewe Henselt aliogopa jukwaa hata akaacha karibu kabisa kupiga hadharani, na ukiziona nota zake utamwelewa.