FUNDI JIBU: Umebadilisha petroli, taimingi uiguse au uiache?

SWALI: Shikamoo fundi. Mie nina Liteace ya zamani, injini 5K ya kabureta, nabeba machungwa toka Muheza kuleta mjini Tanga na mara moja moja napanda nayo Lushoto kufuata mboga. Siku hizi naweka petroli ya okteni kubwa maana niliambiwa ina nguvu, mbona sioni kitu, gari ile ile mlima ule ule. Fundi wangu hapa Ngamiani anasema mpaka avute taimingi mbele, yaani cheche ya plagi ipigwe mapema zaidi, ndo nitaiona hiyo nguvu, mwingine anasema huyo ataniulia injini. Nimsikilize nani?
Dereva, Makorora

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Wote wana ukweli wao, ila huyo wa kwanza muulize anavuta kwa taa ya taimingi, ile inayomulika kila cheche ikipigwa, au kwa sikio, akisema sikio beba funguo zako uondoke.

Tuanze na okteni yenyewe. Petroli ya okteni kubwa haina nguvu zaidi ndani yake, namba ile inakwambia tu inavumilia kiasi gani kubanwa na joto bila kujilipukia yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Na ile stori ya kila gereji kwamba inaungua polepole, achana nayo, kuungua taratibu na kugoma kujilipukia ni mambo mawili tofauti. Kwa hiyo kama injini ilikuwa haigongi na petroli ya kawaida, ukaiwekea ya okteni kubwa bila kugusa chochote, umelipa zaidi basi, ndo maana huoni tofauti.

Sasa moto wa plagi hausambai silinda nzima papo kwa papo, unachukua muda, ndo maana cheche inapigwa pistoni ikiwa bado inapanda, digrii kadhaa kabla haijafika juu, ili presha kubwa iikute ikiwa imeshaanza kushuka kidogo. Ukichelewesha cheche gari inakuwa nzito, sailensa inachemka, mafuta yanakwenda. Ukiiwahisha mno presha inapanda pistoni bado inakuja, na ule mchanganyiko wa pembeni ambao moto haujaufikia unajilipukia wenyewe, ndo kugonga kwenyewe, ule mlio wa kokoto kwenye kopo unaousikia ukikanyaga mafuta mlimani. Ukiuzoea mlio huo siku moja utatoboa pistoni au utaunguza gasketi ya silinda hedi. Okteni kubwa inakupa nafasi ya kuvuta kidogo mbele kabla mlio haujaanza, na kwa injini ambayo haijabadilishwa tangu itoke kiwandani kama yako hiyo nafasi ni ya digrii mbili tatu, usitegemee gari igeuke basi la Dar.

Kama bado unataka ifanywe, simama pale pale aone upo. Nyanyua kiti, injini ipate moto kabisa. Distributa yako, kile kifaa kinachogawa moto kwa plagi, kama ni ya pointi, yaani vile vyuma viwili vinavyokata umeme ili cheche ipigwe, gepu ya pointi ndo inasetiwa mwanzo, maana ukiigusa baadaye taimingi nayo inahama, gepu ikipanuka taimingi inakwenda mbele. Halafu mpira mwembamba wa vakyumu unaoingia kwenye distributa uchomolewe na uzibwe, hapo wengi wanaruka wanasoma namba ya uongo. Sailensi, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, iwe ile iliyoandikwa kwenye stika ya gari, taa ya taimingi ibanwe waya wa plagi namba moja, imulikwe alama ya puli. Ndo alegeze bolti, distributa aizungushe kinyume na rota, kile kinachozunguka ndani yake, inavyozunguka, kidogo kidogo. Ukivuta mbele sailensi inapanda yenyewe, kwa hiyo aishushe asome tena, akaze bolti, asome tena maana kwenye kukaza inaweza kuhama.

Na ule mpira ukiwa umeshatolewa, chukua ncha ya upande wa distributa uvute kwa mdomo, kisha uzibe kwa ulimi. Ukinasa kwenye ulimi diafram, ule utando wa ndani unaovutwa na vakyumu, ni nzima. Ukivuta hewa inakuja tu, imechanika, na mimi nakwambia nusu ya Liteace zinazolalamikiwa hazina nguvu na zinakunywa mafuta ugonjwa wao uko hapo, si petroli wala nini.

Kuijaribu, jaribu na mzigo wa machungwa toka Muheza, mchana wa jua, gia ya nne kwenye kama kilomita 40 kwa saa, kanyaga mpaka chini. Mlio mdogo ukilia ukapotea spidi ikipanda si mbaya, ukiendelea rudisha nyuma. Usijipime mlima wa Lushoto, kwanza ule unaupanda mtupu unashuka na kabichi, pili kule juu hewa nyepesi, silinda inajaa hewa kidogo, injini haigongi kirahisi. Itanyamaza kule, ukirudi huku pwani inaanza kulia.

Halafu kuna siku mafuta yatakuishia Hale usiku utanunua ya kidumu, hujui ni petroli gani, na distributa haina akili ya kujua umebadilisha, itaendelea kupiga mbele vile vile. Kwa kazi yako mimi ningeirudisha namba ya stika, petroli ya kawaida, hela inayobaki ikanunue plagi.

SWALI: Fundi mie nina IST, gereji fulani wamenitajia hela ya "kuset taimingi" kwa ajili ya petroli ya okteni kubwa, nilipe?
Mama wa Raskazone

JIBU: Usilipe dada yangu. IST haina distributa, kila plagi ina koili yake juu, taimingi inapangwa na kontrol boksi, kompyuta ya injini, kuna sensa kwenye bloku inasikiliza mlio wa kugonga na ikisikia inarudisha cheche nyuma yenyewe. Sasa hao watazungusha nini? Tena gari hizo zimetengenezewa petroli ya kawaida ya Japani, ambayo kiwango chao ni okteni 89 kupanda juu.

SWALI: Video za Marekani wanasema okteni 87 inatosha, mbona huku namba kubwa hivyo, petroli yetu ni bora kuliko yao?
Kijana wa Chumbageni

JIBU: Hapana, vipimo tofauti. Huku tunasoma RON, wao wanajumlisha RON na MON wanagawa kwa mbili, hizo ni njia mbili za kupima okteni, na MON inayopimwa kwa hali ngumu zaidi huwa ndogo, kwa hiyo 87 yao huku ni kama 91. Ukisoma maelezo ya taimingi ya huko badilisha hiyo namba kwanza.