Kinyumenyume au rivasi?

Uliyeuliza lipi sahihi: yote mawili, ila hayalingani. Kinyumenyume ni kwenda nyuma huku uso umeelekea mbele. Limetokana na "nyuma": ki- ya namna, a ya mwisho ikawa e, kisha neno likarudiwa kuonyesha mwendo unaoendelea. Usilikate nusu! Ukisema lori limeingia kivukoni Kamanga "kinyume", watu watadhani limevunja utaratibu. "Kurudi nyuma" nako kuna utata, kwani hata aliyegeuza gari akarejea Mwanza amerudi nyuma. Rivasi ni Kiingereza kilichoswahilishwa. Ni gia na pia kitendo: weka rivasi, piga rivasi. Mtumbwi wa kasia haupigi rivasi, unapigwa kasia kinyumenyume.